Injini ya Gari la Dada

Dada yangu alikuwa akisikika kabla hajaonekana. Akitoka Malindi jioni, akishavuka daraja la Sabaki na kuikamata barabara ya kuja kwetu Mambrui, mama alikuwa akiinua kichwa kwenye mbuzi ya kukunia nazi na kusema, "Mwenzako huyo." Nami nilitoka mbio kufungua lango, maana dada hakuwa mtu wa kusubiri lango.

Lilikuwa gari dogo la michezo, la Kiitaliano, la milango miwili, rangi ya kijani iliyokolea, na paa la turubai ambalo sikumbuki kuliona limefungwa ila siku za mvua kubwa. Mumewe, Mwitaliano aliyekuwa na mkahawa karibu na ufuo wa Malindi, alilileta kwa meli kabla hawajaoana. Baada ya kuoana hakuliendesha tena. Shemeji alikuwa mtu wa kwenda polepole, mwenye kupenda baiskeli na usingizi wa mchana, na nadhani alifurahi kuona gari limepata mwenyewe.

Mtaani walisema, kama inavyotarajiwa. Mwanamke wa Mambrui, mtandio kichwani, katika gari lisilo na paa. Lakini dada hakupita mzee bila kusimama. Alizima injini, akashuka, "Shikamoo, mzee," akauliza hali ya miguu na hali ya wajukuu, kisha akarudi garini na kuondoka kwa kishindo. Haukupita muda wazee wakaanza kumwagiza dawa mjini.

Mimi alinifunza kuendesha nilipomaliza kidato cha nne, kwenye uwanja wa mpira nyuma ya shule. Nilikuwa nikikodolea macho ile saa ya mwendo, nikihofia sindano isipande. Dada akavua mtandio wake na kuifunika.

"Usiitazame hiyo," akaniambia. "Sikiliza. Gari litakwambia lenyewe linataka gia gani."

"Mimi silisikii likisema."

"Utalisikia. Wewe endesha tu."

Siku ile sikusikia kitu. Baadaye nilisikia, na hadi leo nikiendesha gari la mtu yeyote, hata lile basi dogo la shule yetu ambalo huniangukia tukiwa hatuna dereva, nabadilisha gia kwa sikio.

Kisha shemeji akaanza kuugua moyo. Wakauza mkahawa, wakaenda kwao, katika mji wa kaskazini ya Italia ambao dada aliueleza kwa simu kuwa una ukungu mwingi na majirani wachache. Gari wakaliacha kwetu, chini ya banda la makuti ambalo mama alilijengesha makusudi. "Msimu ujao tutarudi," dada alisema siku ya kuondoka, na alisema kwa namna ambayo hakuna aliyefikiria kulia. Alipiga mlango wa gari kwa kiganja, kama mtu anayemuaga punda wake, akaingia kwenye teksi.

Msimu ujao ukawa msimu mwingine. Shemeji alipata nafuu, kisha akaugua tena. Dada alipata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Alikuja mara moja tu, baba yetu alipofariki, akakaa siku chache za matanga na hakuligusa gari. Baada ya hapo zikabaki simu. Mwanzoni kila Ijumaa, kisha baadhi ya Ijumaa. Nilizoea kumsikia akisema neno la Kiswahili kisha akasita kidogo kulitafuta lingine, yeye aliyekuwa mwepesi wa ulimi kuliko sisi sote. Mama alikuwa akishika simu kwa mikono miwili na kumuuliza kama amekula.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari karibu na Gede. Niliolewa, nikaachika bila ugomvi mkubwa, nikarudi kuishi na mama Mambrui. Kila nilipotoka asubuhi kwenda kazini nililipita lile banda. Upepo wa chumvi ulikuwa umekula kingo za boneti. Kuku walitagia nyuma ya kiti cha dereva, na mama hakuwafukuza, ila alitandika gunia chini yao ili ngozi ya kiti isiharibike. Mara kwa mara watu walikuja kuuliza kama linauzwa. Mama aliwajibu kwamba lina mwenyewe.

Mwaka mmoja, mfungo ulipokaribia kwisha, dada akapiga simu na kusema anakuja. Si kwa matanga, si kwa harusi. Anakuja tu, kukaa nasi mwezi mzima, baada ya msimu wa mvua ndefu.

Nilipoweka simu chini nilikwenda bandani nikalifunua gari. Nilikuwa na wazo moja kichwani: dada ashuke uwanja wa ndege wa Malindi, alikute gari lake limeegeshwa nje, nimpe ufunguo, nami nikae upande wa abiria kama zamani.

Fundi wa Malindi aliyelitazama kwanza alisema hawezi magari ya namna ile, akanielekeza kwa mwenziwe Kilifi. Tulilipandisha kwenye lori dogo, mama akisimama mlangoni na kumtazama kila aliyeligusa gari, nikalifuata lori nyuma kwa matatu hadi Kilifi.

Fundi yule alikuwa mtu wa bara, ambaye wazazi wake walihamia Kilifi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, naye akazaliwa hapohapo. Gereji yake ilikuwa chini ya mkorosho mkubwa, njia ya kuelekea kwenye mkono wa bahari. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa na hakushika spana. Siku nyingine alipenda magari kwa namna iliyonifanya nimwamini mara moja: hakuzungumza kwanza. Alilizunguka lile la dada, akalala chini yake, akafungua boneti, akachungulia kwa muda mrefu mno hata nikadhani amelikatia tamaa.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "nani aliliweka hili karibu na bahari miaka yote hii?"

"Sisi."

"Sawa. Niache nilifungue kwanza, halafu nikupe jibu."

Niliporudi Jumamosi iliyofuata injini ilikuwa imeshushwa, imelazwa juu ya matairi mawili, kichwa chake kimetolewa. Nilichungulia ndani ya silinda nikaona kutu ya rangi ya chai. Pistoni mbili zilikuwa zimeshikana na kuta.

Fundi alinivutia kiti cha plastiki, akanieleza taratibu. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuiacha injini ile kabisa na kupandikiza nyingine, ya Kijapani, kati ya zile zinazoteremshwa Mombasa zikiwa zimetumika lakini bado nzima. Alikuwa ameshafanya hivyo kwa gari jingine la wazungu na lilikuwa likitembea mpaka leo. Ingekuwa na nguvu karibu maradufu, isingechemka kwenye joto, na spea zake zingepatikana duka lolote kutoka Mtwapa hadi Lamu. Kazi yake ingekuwa kukata vyuma vya zamani vinavyoshika injini, kuchomelea vingine, na kubadilisha breki, maana gari lingekuwa na mwendo ambao breki zake hazikuwahi kuujua.

Njia ya pili ilikuwa kuiokoa injini ileile na kuiongezea nguvu. Silinda zichongwe kuwa pana zaidi, ziingie pistoni kubwa. Abadilishe ule mhimili unaofungua vali, aweke kabureta mbili mahali pa moja, na rejeta kubwa ya kupoza injini, ihimili jua la pwani. Lakini vipuri vingetoka Italia, na hakuna aliyejua vingefika lini.

"Wewe ungefanya ipi?" nikamuuliza.

"Mimi ningeweka ya Kijapani," akasema bila kusita. "Nakwambia kama ningemwambia dada yangu. Hii ya zamani hata tukiitengeneza itataka kuangaliwa kila mara. Ile utawasha na kwenda kazini."

Akanipa ufunguo wa gari la mteja wake mwingine, la milango miwili pia, lenye injini ya aina ile aliyokuwa akiisifia. Tulikwenda nalo hadi Mnarani na kurudi. Nilipokanyaga mafuta juu ya daraja lilichapuka kimya kimya, kama kitu kilichokuwa kikisubiri tu kuambiwa. Sikusikia chochote isipokuwa upepo. Nilirudi nikicheka peke yangu, na fundi alicheka pia, kwa kuwa aliona nimelipenda. Nililipenda kweli. Njiani kurudi Mambrui nilikuwa nimeshaamua.

Hata hivyo gari halikuwa langu. Nikampigia dada.

Nilimweleza yote, kwa furaha, nikitazamia abishane nami. Dada niliyemjua angeuliza maswali hadi simu iishiwe chaji. Angetaka kujua silinda zitachongwa kiasi gani na kabureta za namna gani.

"Weka yoyote itakayotembea," akasema. "Usijisumbue, mdogo wangu."

"Dada, ni gari lako."

"Mmm. Weka unayoona inafaa."

Akauliza habari za mama, akaniaga. Nilimwambia mama kwamba dada amekuwa mtu mwingine huko alipo, hata gari lake halimshughulishi tena. Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuniangalia.

"Mtu hawi mwingine," akasema. "Kuna kitu hajasema. Mpigie tena."

Nilimpigia baada ya siku mbili, mchana, nilipojua yuko nyumbani. Nilimuuliza moja kwa moja kama bado anakuja.

"Nakuja, inshallah."

"Basi mbona gari hulitaki?"

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa. "Kwa sababu sitaliendesha," akasema. "Macho yangu yamekwenda. Ni presha ya macho. Ilianza zamani, nikiwa hapo hapo Malindi, nami nikidhani ni uchovu. Sasa naona mwanga, naona kivuli cha mtu akisimama mbele yangu. Sura siioni. Leseni walinichukulia."

Nilitoka nje na simu sikioni.

"Usimwambie mama," akaendelea. "Nitamwambia mwenyewe nikimshika mkono. Na hilo gari ni lako sasa. Usinitengenezee mimi. Tengeneza ukaendee kazini."

Nilikaa bandani jioni ile, mahali ambapo gari lilikuwa, pakiwa patupu, udongo wake mkavu na alama za matairi yaliyokaa muda mrefu. Nilihesabu kichwani yale mambo ambayo dada hangeyaona akija. Rangi ya kijani asingeiona, hata ningeipiga upya na kuing'arisha. Kutu asingeiona. Mvi zangu asingeziona, wala namna mama alivyokunjamana. Kama gari lile lingekuwa kitu chochote kwake siku ile uwanja wa ndege, lingekuwa sauti. Na mimi nilikuwa karibu kuitoa sauti yenyewe na kuitupa kwenye chuma chakavu, niweke mahali pake injini nzuri, isiyosema neno.

Jumamosi nikaenda Kilifi na kumwambia fundi aokoe ileile.

Alinitazama. "Umefikiria, mwalimu?"

Nikamweleza sababu. Alisikiliza akifuta mikono kwa kitambaa, akafuta tena ingawa ilikuwa safi. "Basi tuifanye vizuri," akasema. "Ikiwa ni ya kusikilizwa, isije ikaaibika."

Tulikubaliana isirudishwe tu kama ilivyokuwa, bali iongezwe nguvu kama alivyoeleza, kwa kuwa silinda zilihitaji kuchongwa kwa vyovyote, na pistoni za ukubwa wa zamani zisingefaa tena. Nikampigia dada kumwambia. Safari hii alibishana. Alisema ni upuuzi, ni kupoteza muda, nina kazi na mama wa kumtunza. Kisha, sauti ikiwa imebadilika kidogo, akauliza, "Kabureta zipi?"

Ni yeye aliyetafuta vipuri. Shemeji alimpeleka kwa gari lao kutoka mji hadi mji, kwa wazee waliokuwa na maghala ya vitu vya zamani, naye alizipapasa pistoni na gasketi kwa vidole kabla ya kukubali. Alinisimulia hayo kwa simu, akicheka, Ijumaa baada ya Ijumaa. Miaka ilikuwa imepita tangu tuzungumze kwa urefu ule. Nilimsomea yale ambayo fundi aliniagiza, yeye akanisomesha majina ya vitu kwa Kiitaliano, nami nikayakosea. Ilikuwa kama anakuja nyumbani kipande kwa kipande, na kila kifurushi kilipofika posta Malindi nilikinusa kabla ya kukipeleka Kilifi, ingawa hakikuwa na harufu ila ya grisi na karatasi.

Mvua ndefu zilipokwisha fundi aliniita. Injini ilikuwa imerudi mahali pake, imeoshwa, kabureta zake mbili zinang'aa. Nilikaa kwenye kiti cha dereva. Ilikataa, ikakohoa, ikakataa tena. Kisha ikawaka.

Nilizima mara moja.

"Nini?" fundi akauliza.

"Si sauti yake."

Ile ya zamani ilikuwa na mlio mwembamba, wenye mkwaruzo, ukipanda juu kama mtu anayeimba kwa pua. Hii ilinguruma kutoka kifuani. Ilikuwa nzuri. Mtu mwingine angesimama barabarani kuisikiliza. Mimi nilitaka kulia.

Fundi alikuja akainama dirishani. "Mwalimu, nimepanua silinda. Nimebadilisha mhimili wa vali na eksozi yote. Haiwezi kulia vilevile. Nilidhani unajua."

Pengine nilijua. Nilikuwa nimesikiliza maelezo yote hayo kwa akili na sikuyasikiliza kwa sikio. Nilimuuliza kama inaweza kurudishwa. Alifikiri kwa makini, kama alivyofanya kila kitu, akasema hapana. Chuma kilichochongwa hakirudi. Kisha akaongeza, kwa upole, "Lakini ni hiyohiyo. Namba ni ileile, chuma ni kilekile. Nimeishika kwa mikono yangu."

Nililiendesha hadi Mambrui. Msitu wa Arabuko ulipopita upande wa kushoto nililiachia kidogo, na lilivuta kama halikuwahi kuvuta enzi za dada. Mama alikuwa barazani. Niliingia lango, nikazima, na yeye akaendelea kutazama barabarani nyuma yangu, kama anayengoja gari jingine.

Dada alifika kwa ndege ya mchana. Nilimwona akitoka mlangoni ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege, mtandio wa hariri, miwani myeusi, kimo chake kilekile. Alikuwa akigeuza uso huku na huku kuusikiliza umati. Nilimwita. Alinikumbatia kwa nguvu, akanipapasa uso, mashavu, masikio.

"Umenenepa," akasema. "Alhamdulillahi."

Nilimpeleka garini. Alijua mlango ulipo kabla sijamwonyesha, akapitisha kiganja juu ya boneti hadi kwenye zile kingo zilizoliwa na chumvi, ambazo fundi alizipiga msasa. Akaketi upande wa abiria, mahali pangu. Nikawasha.

Aligeuza sikio kuelekea boneti. Tulitoka uwanjani, tukapita mjini, watoto wakitupungia na kutuita "Chao!" kama wanavyowaita wazungu. Nilikuwa nikibadilisha gia kwa woga, kama siku zile za uwanja wa mpira. Tulipokuwa juu ya daraja la Sabaki sikuvumilia.

"Imebadilika," nikasema. "Samahani, dada. Nilitaka iwe ileile."

"Naisikia," akajibu. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea nyuma, upepo ukiuchezea mtandio. "Ya tatu umeiwahi sana. Iache ipande kwanza, hii ina pumzi."

Nikaiacha ipande.

Mama aliambiwa usiku ule habari za macho, wawili hao wakiwa wamejifungia chumbani, na asubuhi yake wote walikuwa na sauti nzito. Baada ya hapo mama hakumwachia dada mkono. Alimkatia samaki, akamtolea miiba, akamtajia jina la kila aliyeingia uani na alichovaa. Kwa siku nyingi gari lilikaa bandani.

Likizo ya shule ilikuwa bado haijaisha dada aliponiuliza kama yale mabwawa ya chumvi ya Gongoni bado yapo. Nikamwambia yapo, na kwamba kando yake kuna uwanda mpana uliokauka, usio na mti wala nyumba. Akasema, "Nipeleke."

Tulikwenda asubuhi, baada ya chai. Uwanda ulikuwa mweupe, umepasukapasuka, unang'aa hata mimi nikafinya macho. Hapakuwa na mtu. Nilizima injini. Dada alishuka, akalizunguka gari kwa kulishika, akafungua mlango wangu.

"Sogea."

"Dada."

"Kuna nini mbele?"

"Hakuna kitu."

"Kushoto?"

"Hakuna kitu, mpaka mbali."

"Basi sogea."

Nilihamia upande mwingine. Alivuta kiti nyuma, akaweka mikono kwenye usukani na kukaa hivyo kidogo, midomo ikitembea. Nadhani alikuwa akisoma dua. Nilishika usukani kwa chini kwa mkono mmoja. Akawasha. Aliliondoa kwa klachi laini, bila mtikisiko, mimi ambaye huwa natikisa. Gia ya pili. Ya tatu aliichelewesha kama alivyonifunza, ikanguruma hadi nikasikia mtetemo mgongoni, ndipo akaiweka. Vumbi jeupe lilisimama nyuma yetu. "Kulia kidogo," nikasema. "Sawa. Nyoosha." Miwani aliivua akaitupa mapajani pangu. Macho yake yalikuwa wazi, yanatazama pale pale ambapo mtu anayeona angetazama, na uso wake ulikuwa ule wa zamani kabisa, uso wa jioni zile akiingia lango bila kusubiri. Akaweka ya nne. Mimi nilikuwa nikilia wala sikutaka ajue, kwa hiyo nilikuwa nikisema tu, nyoosha, nyoosha, nyoosha.

Alipunguza mwenyewe, akarudi gia moja moja, akasimama. Injini aliiacha ikiwaka.

"Ina nguvu kuliko ile yangu," akasema.

"Ni yako pia."

Alitikisa kichwa. "La. Yangu ilikuwa ile." Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja nyumba aliyowahi kupanga. "Umefanya vizuri. Hii ni nzuri sana. Lakini nilipoketi pale uwanja wa ndege nilidhani nitaisikia ile, na mpaka tulipofika darajani nilikuwa bado naingoja."

"Nilipaswa kuiacha kama ilivyokuwa."

"Ilikuwa imekufa, mdogo wangu. Ungeniletea nini, gari bubu?" Akanipapasa mkono uliokuwa usukanini. "Ningetamani tu kuwa ndani yake mara moja tena, nikiwa naona. Hilo si la fundi."

Tulibadilishana viti. Karibu na nyumbani alitoa mkono nje na kuuacha ukipigwa na upepo.

Aliondoka mwezi ulipokwisha. Shemeji alikuwa akimngoja, na dawa zake za macho hazipatikani huku kwa urahisi. Uwanja wa ndege alimkumbatia mama kwa muda mrefu. Mimi alinipa maagizo kuhusu oili na plagi, kwa kuwa hatukuweza kuzungumza jambo jingine.

Sasa naenda nalo kazini. Wanafunzi wanalijua, na fundi wa Kilifi hulisikiliza kila likizo kwa kichwa kilichoinama, kisha hunipandishia au kunishushia kitu kidogo kwenye kabureta. Mwezi uliopita nililipeleka hadi Gongoni, peke yangu, siku isiyo na sababu. Maji ya bahari yalikuwa yameachiliwa kuingia kwenye mabwawa, na ule uwanda wote ulikuwa umefunikwa, kina cha kifundo cha mguu. Wafanyakazi wa chumvi walikuwa mbali, wadogo, wakitembea juu ya kingo. Mmoja wao aliniona, akaniashiria kwa mkono kwamba hapapitiki. Nilimpungia, nikalirudisha gari kinyumenyume mpaka kwenye barabara.